Kumtafutia Raelynn Bastola ya Mazoezi

Nyumba ya mwisho kabla ya daraja,
Barabara ya Kijito cha Hobb,
Marble Fork, Arkansas.
7 Novemba 2019

Mpendwa mdogo wangu Oleta,

Salamu tele kutoka kwenye matope ya kwetu. Natumaini hujambo huko Kodiak kwenye barafu, na mumeo Einar hajambo, na ule mgongo wake umeacha kumtabiria mvua. Natumaini jikoni kwako shuleni watoto bado wanamaliza sahani, na ukiwapikia mkate wa mahindi unawaambia ulijifunza wapi. Sisi huku wazima. Mbwa wangu Bishop amezeeka kwa miguu ila mdomo bado kijana. Mimi, kama utataka kujua, ni mzima kupita kiasi.

Oleta, kaka yako alizaliwa na bahati imemkalia begani kama kasuku. Wenzangu wa rika langu wote wameanza kudai vipuri. Harlan Teague kawekewa goti la chuma, sasa akipita kwenye mlango wa benki kengele inalia. Mimi na miaka yangu sitini na nane nakula biskuti na mchuzi wa soseji kila asubuhi, na wake zangu wawili wa zamani bado wananiletea keki, na kila mmoja anadhani ni yake ninayoila. Na lile jambo unaloniuliza kila Krismasi, la mkono wa baba, lisikukoseshe usingizi. Unakumbuka alivyokuwa anakunywa kahawa kwenye kisosi, maana kikombe kilimwagika nusu kabla hakijafika mdomoni. Katika urithi wa baba mimi nilipata meno na ule uongo wake wa kuvulia kambare. Mkono ulinipita kama basi lisilo na kituo mlangoni kwangu. Leo hii ukiniletea sindano nitatia uzi juu ya farasi anayekimbia. Hiyo ndiyo bahati, na wala siringi, nakueleza tu.

Utaona barua hii nimeipiga kwa mashine, kwenye kompyuta ya mwanao. Usishangae. Mtu aliyeendesha lori majimbo arobaini hawezi kukaa na kalamu kama mtoto wa darasa la pili. Ukiona herufi imejirudia mahali isipotakiwa, vitufe vya Raelynn ni vyepesi mno, vikiguswa na pumzi tu vinaandika.

Sasa habari yenyewe. Raelynn katoka hapa asubuhi, hajala, kaenda kupigishwa shabaha mbele ya Sajini Coy Pickard, yule mkufunzi wa sherifu mwenye shingo kama gogo. Ni leo. Simu nimeiweka hapa mezani karibu na siagi. Nimeosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Nimetoka nje kuangalia barabara, nikamkuta Bishop naye anaangalia barabara, tukaoneana haya, nikarudi. Ndiyo maana nikasema afadhali nikuandikie, vidole vipate kazi.

Najua mengine hajakuambia, kwa kuwa ana kiburi chako. Unajua tu kwamba anafanya kazi kwenye jela ya kaunti. Kazi yenyewe ni kufungua mlango, kufunga mlango, na kuwapelekea walevi trei za viazi. Yeye anataka gari la doria. Anataka awe ndiye anayefika mtu anapopiga simu analia kule milimani, maana anasema wakati mwingine huwasikia kupitia redio ya ofisini, naye yuko pale kashika trei. Sherifu akakubali, sharti ni moja: afaulu shabaha kwa bastola yao, ile kubwa ya milimita tisa. Akajaribu mwezi wa nane, akaanguka. Wakampa nafasi nyingine moja, na akianguka tena gari anapewa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine ameshaanza kupima kofia.

Mimi nilikuwepo mara ile ya kwanza, nimesimama nyuma ya waya. Risasi zote zilikwenda chini. Lile jitu la karatasi la kulengwa lilitobolewa magoti yote mawili na kifua hakikuguswa. Sajini akaniambia, "Verlon, mpwa wako kamfundisha huyu mtu kusali." Nikacheka kwa kuwa ilibidi. Raelynn hakucheka.

Kosa lake nililijua palepale. Mkono mzuri anao, jicho zuri analo, ila anashtuka kabla ya mlio. Anajua teke linakuja, basi anaisukuma bastola chini kulilaki, kama mtu anayefumba macho kabla hajapigwa kofi. Na kila anapopiga zile kubwa ndivyo hofu inavyozidi kumkolea. Dawa yake tangu enzi za baba ni risasi ndogo, ile ya ishirini na mbili, isiyo na kelele wala teke, unayoweza kupiga kutwa nzima bila kuomba mkopo. Mwili unajifunza kwamba hakuna kitakachouma. Ila lazima bastola yenyewe iwe kama ile kubwa kwa kila kitu kingine. Nikamwambia, "Mwanangu, mjomba wako atakutafutia. Nimechagua malori, nimechagua mbwa, nimechagua wake wawili." Akasema, "Mjomba, hao wa mwisho usiwataje tukifika dukani."

Tukaenda kwa Hoyt Spurlock. Bado yuko palepale nyuma ya duka la chakula cha mifugo, na bado ana wazee wale wanaokalia magunia ya chakula cha kuku na kusema wamekuja kununua. Nikamweleza haja yetu. Hoyt akainama chini ya kaunta, akatoa kibastola kama kibiriti, mpini wa zambarau.

"Hii ndiyo wanawake wanaipenda," akasema.

Raelynn akamwangalia. "Wanawake gani, Hoyt? Nitajie mmoja."

Wazee kwenye magunia walicheka mpaka mmoja akakohoa. Unajua Hoyt hata paka jike hajawahi kukaa kwake. Akarudisha ule uzambarau chini.

Nikamwambia, "Sikiliza, Hoyt. Hatutaki mtoto wa bastola. Tunataka pacha wa hiyo anayovaa kazini, ila awe anakula chakula cha bei nafuu. Mpini ujaze kiganja vilevile. Vitufe vikae palepale, kidole gumba kisilazimike kuuliza njia. Kifyatuo kiwe na ukaidi uleule. Na iingie kwenye ala yake ileile ya kiunoni bila kusukumwa. Ukitaka kumfundisha mtu lori, humpi baiskeli kwa kuwa zote zina magurudumu."

"Maneno hayo umeyasoma wapi?" akauliza.

"Sijasoma. Nimeishi."

Nikachukua bastola moja ya risasi ndogo iliyokuwa pale, nikahakikisha iko tupu, nikaielekeza ukutani, nikavuta kifyatuo kuusikia uzito wake. Hoyt akanirukia kama nimemshika mama yake.

"Verlon, shika adabu. Kubwa vuta tupu mpaka kesho. Hizi ndogo risasi zake hugongwa ukingoni, hazigongwi katikati. Ikiwa tupu, pini inagonga chuma cha chemba, pale risasi inapokaa. Ukiivuta hivyo wiki nzima umenichimbia shimo."

Hilo nilikuwa nalijua, Oleta. Nililisahau tu kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kuiweka chini. Hoyt akafungua droo, akatoa vile viplagi vya plastiki vya njano, vya kutia ukutani kabla ya skrubu, ukitaka kutundika picha. Akachomeka kimoja kwenye chemba kikaingia kana kwamba kilizaliwa humo. "Sasa vuta," akasema. Pini inakula plastiki, chuma kinapona. Huku kwetu hakuna mwenye bastola ndogo asiye na mfuko wa hivyo viplagi, na picha zake zote ziko sakafuni.

Gari limepita. Si yeye. Ni jamaa wa gesi.

Basi kosa la kwanza lilikuwa langu, na nalitaja kwa sababu ndilo lililotupotezea karibu mwezi mzima wa tisa. Hoyt alikuwa na bastola moja ya mashindano, ya ishirini na mbili, mtutu mrefu mwembamba, mpini umelala nyuma kama mzee kwenye kiti cha uvivu, kifyatuo laini kama siagi. Akatuazima tukaijaribu kule kwenye machimbo ya mchanga. Oleta, ungemwona mwanao. Tulitundika vifuniko vya mitungi kwenye uzi, akavichezesha vyote. Aliruka. Mimi niliruka. Nikasema tumepata, tukaichukua, na kila jioni akitoka kazini tulikuwa machimboni, na kila jioni nilirudi nikiwaambia watu kanisani kwamba mpwa wangu ataajiriwa na jeshi zima.

Hata Harlan na goti lake alinionya. Aliniambia kwenye chakula cha Jumatano, huku ananyang'anya paja la kuku kwenye sahani yangu, "Ile si bastola, Verlon, ile ni kinanda. Kila mtu anaimba vizuri kwenye kinanda." Nikamwambia ale, anyamaze.

Jumamosi moja Raelynn akaleta ile kubwa ya kazini. Akainyanyua. Ule mpini uliolala ulikuwa umekifundisha kifundo chake cha mkono kujikunja vingine, basi kubwa ikaangalia mawinguni. Akaishusha, akahema, akavuta, na hofu yake yote ilikuwa palepale ikimsubiri, haijapungua hata punje. Magoti tena. Akaketi kwenye ndoo.

"Mjomba," akasema, "umenipa kitu cha kunisifu. Sikukuomba sifa."

"Nilidhani..."

"Ulidhani nikifurahi inatosha. Kule barabarani hakuna atakayeniuliza kama nilifurahi."

Nikaanza kuokota maganda ya risasi mchangani.

Tukairudisha. Hapo ndipo nilipoingiwa na kitu kama mchwa kwenye damu. Nikawa sikai. Kila siku kwa Hoyt, kila maonyesho ya silaha yaliyo umbali wa tangi moja la mafuta, nazishika, nazipima, naziweka. Hoyt ana kiuwanja nyuma ya ghala, akaniruhusu nizijaribu. Ya kwanza nikamwambia inavuta kushoto. Ya pili kitazamio chake kimepinda. Ya tatu mizani yake mbaya, mbele nyepesi. Ya nne nikasema mtengenezaji alikuwa mlevi.

Hoyt akaweka mikono kiunoni. "Yaani bastola zangu zote zina homa?"

"Nauza au nanunua? Anunuaye ndiye mwenye ulimi."

"Verlon, hiyo uliyosema inavuta kushoto, bintiye Harlan kaua nayo kindi watano juzi."

"Labda kindi walikuwa wa kushoto," nikasema. Wazee wakacheka, nikaondoka na ushindi. Raelynn alikuwa amesimama kwenye mlango wa ghala muda wote, kakunja mikono, ananitazama. Nilidhani anachoka na mimi.

Siku zikawa zinakwenda, majani yakapukutika yote kwenye ule mti wa jozi wa baba, na bado sijachagua. Watu wakaanza kusafisha bunduki zao za kulungu, mimi bado nabishana na mpini. Usiku nalala nikiwaza vifyatuo. Ukimwuliza mke wangu wa pili atakwambia sijawahi kulala nikiwaza kitu kwa bidii hivyo, naye yumo.

Mwisho Raelynn akachagua mwenyewe. Aliingia kwa Hoyt akiwa na sare, ala kiunoni, bastola ya kazini kaiacha kwenye kisanduku cha gari. Akasema, "Nipangie zote hapa, tupu." Hoyt akazipanga. Akawa anachukua moja, anaitia kwenye ala, anafumba macho, anachomoa, anainyanyua kuelekea ukutani, halafu ndipo anafumbua. Kitazamio kikiwa si mahali jicho linapokitarajia, anaiweka kando, hata haisemi vibaya. Akaendelea hivyo bila haraka, mpaka wale wazee wakaacha kujikuna.

Moja, alipofumbua macho, alibaki ameishika. Nyeusi, mbaya kwa sura, haina pambo hata moja, plastiki tupu. Mpini uleule mnene. Kitufe cha kutolea magazini kilikuwa palepale, kidole chake kilikigusa bila yeye kufikiri. Kifyatuo kigumu vilevile cha kuchosha. Akaitia kwenye ala, ikaingia na kukaa kama imerudi nyumbani.

"Ni hii," akasema.

"Hiyo ni nyepesi," nikasema. "Juu yake si chuma cha maana. Na hizo zina sifa ya kukwama."

Hoyt akasema, "Inakwama ukiilisha risasi za takataka. Ilishe zile zenye nguvu kidogo, haikwami. Inachagua chakula tu."

"Kama mama," Raelynn akasema. Na hapo nikakukumbuka na kile kisahani chako cha maharage ulichokuwa unakitoa kitunguu kimoja kimoja, nikashindwa kubisha.

Nimepumzika kidogo, nimetoka tena. Baridi imeingia. Simu bado kimya. Niliinyanyua kuona kama inafanya kazi, inafanya.

Basi tukaanza upya, na safari hii nikamfanyia ule mchezo baba aliokuwa anatufanyia sisi kwa maganda matupu. Yeye anageuka nyuma, mimi naweka kitu kimoja tu kwenye chemba, ama risasi ama kiplagi cha njano, naifunga, naiweka mezani imeelekea kwenye ukingo wa mchanga. Anageuka, anachukua, anapiga, hajui kilichomo. Ikiwa ni risasi, mlio unaficha kila kitu. Ikiwa ni kiplagi, inasema tik, na kwenye ile tik ndipo unapomwona mtu alivyo. Siku ya kwanza bastola ilisema tik na mdomo wake ukapiga mbizi ardhini kama bata. Raelynn akajiona mwenyewe. Akasema neno ambalo sikujua huko Kodiak alikokulia wanalo.

"Tena," akasema.

Tena, na tena. Vidole vyangu vikapata malengelenge ya kuchomeka viplagi. Kidogo kidogo mbizi ikawa kuinama, kuinama kukawa kutikisa kichwa, halafu jioni moja ikasema tik na mdomo wa bastola haukwenda popote. Ulikaa pale kama umepigiliwa msumari. Kisha akachukua ile kubwa, na mwili haukujua tofauti, mkono uliingia kwenye mpini uleule, kidole kikakuta ukaidi uleule, akapiga kifuani. Kifuani, Oleta. Nililia kidogo, nikasema ni mchanga.

Yote hayo ni ya kukufurahisha. Sasa jana.

Jana ilikuwa zoezi la mwisho, jua limeegemea machimbo. Alimaliza, akaifuta bastola, kisha akasema, "Zamu yako, mjomba."

"Zamu yangu ya nini? Mimi sina mtihani."

"Mwalimu hajapiga hata mara moja tangu tuanze. Wanajeshi wenzako wote wa baharini waliiogopa shabaha yako, si ndivyo unavyosema? Geuka."

Ungenijibu nini mahali pangu? Nikageuka. Nikasikia anaifunga, anaiweka mezani. Nikageuka tena, nikaichukua, nikalenga. Ilisema tik. Kilikuwa kiplagi. Sikuwa na mlio wa kujifichia. Tukabaki wote wawili tunauangalia mdomo wa bastola.

Nikasema, "Kahawa ya leo ilikuwa nzito."

"Hukunywa kahawa leo," akasema. "Siku hizi hunywi kahawa mbele yangu kabisa."

Nikaiweka mezani. Nikasema basi ni ile bastola, nyepesi mno, nilishamwambia Hoyt.

Oleta, mwanao ana sauti ya chini akitaka kukumaliza. Alisema, "Mjomba, mimi kesho nasimama mbele ya Sajini Pickard na watu wote wakinitazama, na pengine ninaanguka. Naogopa. Lakini naenda. Wewe una mama yangu wa kumwandikia. Mimi nafanya mtihani wangu, wewe unafanya wako. Au nikae nyumbani sote tuwe waoga?"

Ndiyo maana leo asubuhi hakunisalimia vizuri, aliiwasha tu hii kompyuta, akavuta kiti, akanielekeza kwa kidole kama askari anayemwonyesha mtu selo yake, akaenda.

Simu imelia. Ngoja.

Nimerudi. Nakuandikia ilivyokuwa, maana bado imo masikioni. Nilinyanyua nikasema haloo, kukawa na upepo tu kule, na mtu anacheka kwa mbali.

"Mjomba."

"Sema basi, mtoto, Bishop ana presha."

"Kifuani," akasema. "Karibu zote. Moja begani, kulikuwa na nyigu."

Nikauliza, "Na Sajini kasemaje?"

"Kasema huyu mtu wa karatasi leo hakupata nafasi ya kusali."

Nikamsikia anapumua. Kisha akauliza, "Umeandika?"

"Naandika."

"Umefika wapi?"

"Kwenye salamu," nikasema.

"Mjomba, nimeondoka hapo jua halijatoka."

"Ni salamu ndefu. Mama yako ni mtu wa heshima."

Kisha akasema anapitia kwa Hoyt kumwonyesha karatasi, ananunua kambare wa kukaanga na chai ya baridi, halafu anakuja, na akifika anataka kuiona bahasha imefungwa. Basi mdogo wangu, mwanao kafaulu. Atapewa gari mwezi ujao. Mwambie Einar, na mpigie binti yako leo usiku, ila jifanye hujui, akuambie mwenyewe, maana hiyo furaha ni mali yake.

Nisalimie Einar na mgongo wake. Msalimie mama mkwe wako, umwambie ile jamu ya matunda ya porini iliisha siku ileile. Wasalimie wapishi wenzako wote, hata yule uliyesema anaiba sukari. Harlan anakusalimu, na Hoyt pia, kwa aibu. Mungu aliyetulea sote wawili kwenye nyumba moja yenye bomba moja la maji ya moto akulinde kwenye barafu hiyo, akupe usingizi, na asikupe haraka ya kukata tiketi kabla hujamaliza kusoma.

Nasikia gari lake darajani. Bishop kashasimama. Basi nakwambia.

Pale juu nilikudanganya. Bahati hiyo sina. Mkono wa baba haukunipita, ninao, wa kulia, tangu majira ya machipuko, na sasa wa kushoto umeanza kumwiga mwenzake. Daktari kasema ni uleule. Bastola za Hoyt hazikuwa na kasoro hata moja. Vitufe vya kompyuta havina kasoro. Nimepiga chapa kwa sababu kalamu hainisikilizi. Naogopa, Oleta. Jina hapo chini nimeliandika kwa mkono, ujionee mwenyewe.

Kaka yako anayekupenda tangu ulipokuwa na meno mawili,

Verlon